Anayejibu Siku ya Bando

Huko Rincón del Brazal, kitongoji cha mabustani kilicho mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka jiji la Murcia, maji hayafunguliwi kimya kimya. Mwenye lango hupanda juu ya ukingo wa mfereji, huweka viganja mdomoni na kuita, "Maji yanakuja!" Kisha husubiri. Huko chini, aliye shambani mwake, au anayekata matete ndani ya mfereji, au aliyeingia kuzibua takataka kwenye handaki linalopita chini ya barabara, hujibu, "Na yaje!" Pasipo jibu, lango halifunguliwi. Mfereji mkavu ni njia kama njia nyingine, una kivuli na una ubaridi, na mtu aliyemo ndani haoni maji mpaka yamfike kifuani.

Casimiro Belchí alilishika lango hilo miaka thelathini na minne. Alikuwa mtu mfupi, mkavu kama kuni ya mlimau, na maneno yake yalikuwa machache kwa sababu, kama alivyosema mwenyewe, mdomo ukifanya kazi sikio hulala. Nyumbani kwake hakutaka redio. Aliweza kuweka kiganja juu ya ubao wa lango, akahisi unavyotetemeka, na kukuambia kama huko juu milimani mvua ilinyesha jana au juzi. Watu walimheshimu, na walimtania pia, maana mtu asiyekwenda kwenye sikukuu ya Bando katika bonde lile ni sawa na mvuvi asiyekula samaki.

Sikukuu hiyo huja Jumanne baada ya Pasaka, michungwa inapochanua na bonde zima linanukia hadi kichwa kinauma. Asubuhi hiyo kitongoji huhama. Wanaume huvaa suruali nyeupe pana zinazoishia magotini, kizibao, na mshipi wa kitambaa kiunoni. Wanawake huvaa sketi za sufu zilizotariziwa maua kwa nyuzi za hariri na vimetameta, nzito kama blanketi. Wote huenda jijini kusherehekea jembe la babu zao, hata wale ambao siku hizi hulishika jembe siku hiyo moja tu, kwa ajili ya picha.

Mwaka huo Patrocinio, mkewe Casimiro, alikuwa amesimama mlangoni akifunga kamba za viatu vyake. Jirani yao Bibiano Lax, mwenye shamba la pilipili hoho, alikuwa akimsubiri nje na kikapu cha soseji mkononi.

"Casimiro, vaa twende," Bibiano alisema. "Mwaka huu huna kisingizio."

"Ninacho. Zamu ya leo ni yako. Saa kumi hadi saa kumi na mbili."

"Hiyo zamu ni yangu, kwa hiyo nakupa ruhusa. Fungua sasa hivi, funga kamba, twende. Pilipili zangu haziwezi kusoma saa."

"Saa hizi maji ni ya wengine."

"Wengine wako barabarani wamelewa tayari!"

"Basi saa kumi."

Bibiano alicheka, akamgeukia Patrocinio. "Shemeji, wewe umeolewa na mtu au na ubao?"

"Ubao ungekuwa na faida," Patrocinio alisema bila kuinua kichwa. "Ningeweka vyungu juu yake."

"Hebu niambie jambo moja, bwana." Bibiano alisogea karibu, bado anacheka. "Kila mwaka unabaki peke yako. Unaita, na kanuni inasema usubiri jibu. Hakuna mtu, hakuna paka. Sasa nani huwa anakujibu?"

"Aliyepo," Casimiro alisema.

Bibiano akaona ni mzaha mzuri, akaubeba mpaka njiani, akausimulia kwa kila waliyekutana naye. Patrocinio hakucheka. Alimtazama mumewe kidogo, akamwachia mezani mkate na sahani ya majani ya mlimau yaliyochovywa kwenye rojo la unga na mayai, yakakaangwa na kupakwa sukari, akaondoka.

Kumbe haukuwa mzaha.

Miaka thelathini na moja nyuma, siku ya Bando, Casimiro alikuwa kijana wa miaka ishirini na saba, na mdogo wake Leandro alikuwa na ishirini na mbili. Wote wawili walikuwa wamekwisha kuvaa. Zilikuwa zimebaki kazi mbili tu kabla ya kwenda: kuzibua matete yaliyoziba handaki, na kufungua maji. Leandro aliikunja suruali yake nyeupe akaingia handakini. Casimiro akapanda kwenye lango. Jijini ngoma zilikuwa zimeanza, na kulikuwa na msichana aliyeahidi kumngojea darajani. Aliita, "Maji yanakuja!" Hakusubiri. Alizungusha gurudumu la chuma huku akiwa tayari amegeuza uso kuelekea jijini.

Alhamisi iliyofuata aliitwa mbele ya Baraza la Watu Wema, wazee wanaoamua kesi zote za maji katika bonde lile. Wakamuuliza swali moja. Uliita? Niliita. Ulijibiwa? Mama yake alikuwa amekaa benchi la nyuma, shela nyeusi kichwani. Casimiro akasema, "Nilijibiwa." Baraza likaandika kwamba Leandro Belchí alijibu, kisha akachelewa kutoka. Hatia ikawa ya marehemu, na marehemu hana pa kukata rufaa.

Mwaka uliofuata, siku ya Bando, Casimiro hakuwa na moyo wa sherehe, akabaki. Saa ya zamu ilipofika alipanda ukingoni na kuita kwa mazoea tu. Kutoka chini, upande wa handaki, sauti ikajibu, "Na yaje!" Ilikuwa sauti ya Leandro, yenye ule mkwaruzo mwishoni kama wa mtu anayetaka kucheka. Casimiro alikaa chini kwenye majani. Aliposimama alifungua lango, na maji yakaenda, na hapakuwa na mtu aliyedhurika. Tangu mwaka huo hakukosa. Siku nyingine zote za mwaka kulikuwa na trekta, redio na mbwa, na hakusikia kitu. Siku moja tu bonde lilinyamaza, na siku hiyo alijibiwa. Nywele zake ziligeuka mvi, meno mawili yaling'oka, lakini sauti ile ilibaki ya kijana wa miaka ishirini na mbili. Hakumwambia mtu. Aliona kwamba amesamehewa, na kwamba msamaha wenyewe ni mali yake ya siri, kama mtu aliyefukia kitu chini ya mti.

Basi mwaka huo, ilipokaribia saa kumi, alitembea hadi langoni. Jua lilikuwa jeupe. Harufu ya maua ya michungwa ilikuwa nzito kiasi kwamba nyuki walionekana wamechoka nayo. Kwa mbali jijini fataki moja ililia, kisha kukawa kimya. Mbwa wa Bibiano, ambaye kila siku humkimbilia kutafuta mkate, alikuwa amelala katikati ya njia, uso ameuelekeza handakini. Casimiro alimpigia mluzi. Mbwa hakugeuza hata sikio.

Akapanda ukingoni. Nyuma ya ubao maji yalikuwa yamejaa, yanasukuma. Aliweka viganja mdomoni, akavuta pumzi.

"Na yaje, Casi."

Alikuwa bado hajaita.

Viganja vyake vilibaki pale pale mdomoni. Kwa miaka thelathini sauti ile ilikuwa na maneno mawili tu, na siku zote ilingoja kuitwa. Jina lake haikulitaja hata mara moja. Hakuna mtu aliyemwita Casi tangu mama yake alipofariki.

"Leandro?" alisema, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

"Fungua," sauti ilisema. Ilikuwa na furaha. "Fungua basi, tunachelewa."

Mkono wa Casimiro ulishuka ukashika gurudumu. Ukweli ni kwamba alitaka kufungua. Alikuwa amengoja miaka thelathini kuambiwa neno la tatu, na sasa ameambiwa jina lake, na lililobaki lilikuwa kuzungusha chuma alichokizungusha mara elfu. Alilizungusha robo. Ubao ukaguna. Uzi mwembamba wa maji ukapenya chini yake, ukaanza kutambaa kwenye udongo mkavu wa mfereji, ukitafuta njia.

Hapo ndipo alipogundua kwamba hasikii vyura.

Handaki lile lina vyura mwaka mzima, wanaokaa kwenye tope lisilokauka. Hulia mchana na usiku, hata mfereji ukiwa mkavu. Kila mwenye lango katika bonde lile hujua kwamba kuna kitu kimoja tu kinachowanyamazisha, nacho ni mtu kuwa ndani. Si paka, si panya wa majini. Mtu. Na miaka yote ile Leandro alipokuwa akimjibu, vyura walikuwa wakiendelea kulia. Casimiro hakuwahi kulifikiria jambo hilo. Sasa alilifikiria. Asiye na mwili hawanyamazishi vyura.

Akalirudisha gurudumu, akalikaza, akashuka mferejini.

"Casi, unakwenda wapi?" sauti iliuliza. Haikuwa tena mbele yake. Ilikuwa nyuma, huko juu langoni, mahali alipokuwa amesimama yeye sasa hivi. Mara akasikia chuma cha gurudumu kikilia kidogo, kama kinachojaribiwa na mkono usiokizoea. Hakugeuka. Alikuwa na hakika kwamba akigeuka hatafika handakini. Alikimbia, mtu wa miaka hamsini na minane, akiteleza kwenye ule uzi wa maji uliokuwa umemtangulia.

Ndani ya handaki kulikuwa na baridi ya kisima. Alitambaa kwa magoti, akipapasa mbele. Kwanza aliona vimetameta, vichache, vikishika mwanga uliotoka upande wa pili. Kisha sketi. Kisha mtu mzima aliyelala ubavu, kiganja chini ya shavu, na maji yamekwisha kumlowesha kisigino. Casimiro alimshika bega, na bega lilikuwa la baridi.

Bega likasogea.

"Mjomba Casimiro?" Alikuwa Herminia, mpwa wake Bibiano, binti anayefanya kazi kwenye duka la dawa jijini. Macho yake yalikuwa mazito, na alinukia mvinyo. "Kuna nini? Mbona unalia?"

"Toka. Toka kwanza."

Alimvuta mpaka nje upande wa pili, akampandisha ukingoni kwa kumsukuma kama gunia. Herminia alikaa kwenye majani akitafuta kiatu chake kimoja. Alisema viatu vilimchubua, kelele zikamzidi, akaamua kurudi mapema kupumzika.

"Ukaona handaki ndiyo kitanda?"

"Usinigombeze, mjomba, kichwa kinauma." Akajifuta uso. "Sikuwa na nia ya kuingia. Nilikaa hapo chini ya mforosadi, akapita kijana mmoja akaniambia mle ndani kuna baridi nzuri. Nikamwambia, na maji je? Akasema lala tu, leo kuna mtu wangu langoni, hafungui mpaka nimjibu."

"Kijana gani?"

"Sijui. Amevaa nguo za Bando kama watu wote. Nilidhani ni mtoto wa jirani yenu yeyote." Alifikiri. "Suruali zake zilikuwa zimelowa hadi magotini. Nikajisemea, huyu naye kalewa, kaangukia bwawa la nani?"

Alicheka, kisha akaona uso wa Casimiro, akaacha.

Alimpeleka nyumbani kwake, akampa mkate na yale majani ya mlimau. Herminia alikuwa na njaa, akayamenya rojo vizuri, akalila na kuyaacha majani sahanini kama ilivyo desturi, akalala kwenye kochi. Ilikuwa bado saa kumi na nusu. Zamu ya Bibiano ilikuwa na saa moja na nusu mbele yake. Casimiro alirudi langoni. Gurudumu lilikuwa kama alivyoliacha, ila chuma chake kilikuwa na maji, matone matano, kama mahali paliposhikwa na vidole. Vyura walikuwa wameanza tena kulia.

Aliita, "Maji yanakuja!"

"Na yaje!" Leandro alijibu papo hapo, kwa upole, kama miaka yote, kama kwamba hapakuwa na jambo lolote kati yao.

Casimiro alifunga gurudumu kwa mnyororo, akatia kufuli, akaenda nyumbani. Saa kumi na mbili zamu ikahamia kitongoji kingine, na pilipili za Bibiano zikabaki na kiu kwa siku kumi na nne zaidi. Nyingi zilikuwa miche ya wiki moja. Zilikauka kabla ya zamu hiyo.

Alhamisi Baraza la Watu Wema lilimwita. Wazee walikuwa watano nyuma ya meza ndefu, mwenyekiti wao akiitwa Don Evelio, mtu mpole mwenye tabia ya kupanga kalamu zake kwa urefu. Bibiano alisimama kwanza, kofia mkononi, na ilionekana wazi kwamba anaona haya.

"Mimi namshukuru kwa Herminia, na nitamshukuru mpaka kaburini. Dada yangu amemwashia mshumaa. Lakini alimtoa saa kumi na dakika chache. Pilipili zangu hazikuwa zimelala handakini, jamani. Mbona hakufungua baadaye?"

"Belchí," Don Evelio alisema, "baada ya binti kutoka, handaki lilikuwa tupu?"

"Lilikuwa tupu."

"Uliita?"

"Niliita."

"Ulijibiwa?"

Patrocinio alikuwa amekaa benchi la nyuma. Casimiro alimtazama, kisha akatazama meza.

"Nilijibiwa," alisema.

"Na nani?"

"Na ndugu yangu Leandro."

Vidole vya Don Evelio vilisimama juu ya kalamu. Mzee mmoja wa pembeni alijifanyia ishara ya msalaba chini ya meza. Bibiano alifungua mdomo kwa kicheko cha mazoea, kikamkwama.

"Mwaka wa themanini na nane," Casimiro aliendelea, "niliwaambia baba zenu katika chumba hiki kwamba nilijibiwa. Sikujibiwa. Sikusubiri. Leandro hakuchelewa kutoka, hakupewa nafasi ya kutoka. Nilisema uongo mama yangu akisikia. Tangu siku hiyo, kila Bando, nimekuwa nikijibiwa. Nilidhani ananisamehe. Ananijibu kwa sababu mmeandika kwamba alijibu. Mpaka liandikwe jingine, mimi siwezi tena kujua chini kuna nani. Chukueni ufunguo wangu."

Kisha Don Evelio alimtuma karani alete daftari la mwaka ule. Likaletwa, likiwa na harufu ya kabati. Mzee alilisoma taratibu, akachukua kalamu yake ndefu kuliko zote, akapiga mstari, akaandika juu yake. Hakusoma kwa sauti alichokiandika. Alimgeuzia Casimiro daftari ili asome mwenyewe, na Casimiro akasoma, akatia saini mahali alipoonyeshwa. Akavua ufunguo shingoni akauweka mezani. Kuhusu pilipili, Bibiano alisema hataki kusikia habari za pilipili.

Njiani Patrocinio alitembea hatua mbili mbele, kama mtu mwenye haraka. Walipofika penye mashamba alipunguza mwendo.

"Miaka ishirini na tisa," alisema. "Kila Bando nimecheza na kaka zangu, kisha na watoto wa kaka zangu. Watu wananiuliza mumeo yuko wapi, nasema kazini."

"Najua."

"Hujui. Ungeniambia ningekaa nawe pale langoni."

"Ungemsikia."

"Ningemsikia, ndiyo. Nimelala kitanda kimoja na wewe, unadhani sijamsikia?"

Casimiro hakuuliza alichomaanisha. Wakaendelea kutembea.

Lango lilipewa Ascensión, mjane wa upande wa pili wa barabara, mwanamke mwenye kifua na sauti ya kutosha. Zamu yake ya kwanza iliangukia kishamba kidogo cha malimau cha Casimiro mwenyewe, asubuhi tulivu ambayo kwa bahati hapakuwa na trekta. Casimiro alisimama chini kwenye mitaro na jembe lake, mahali ambapo, saa ya maji, kwa miaka thelathini na minne alikuwa akipatazama tu kutoka juu. Handaki lilikuwa kushoto kwake, jeusi, limejaa vyura.

"Maji yanakuja!" Ascensión aliita.

Casimiro alifumba mdomo. Alitaka kwanza kujua kama kuna atakayemtangulia. Alisubiri, kichwa amekiinamisha upande wa handaki, mpaka Ascensión akaita tena kwa hasira na kumuuliza kama amekufa.

"Na yaje," Casimiro alijibu, akainama kufungua mtaro wa kwanza.